Shati Ambalo Mwanangu Hakulituma

Katika kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, mtu haikaribii Meza ya Bwana ya Noeli akiwa na ugomvi moyoni. Kwa hiyo kila mwanzo wa Desemba mashemasi hutumwa mlango kwa mlango, wawili wawili, kuuliza swali moja tu: "Uko na neno na mutu?" Ukijibu huna, wanakuombea na kwenda zao. Ukijibu unalo, hawaondoki mpaka wajue ni la nani, lilianza lini, na nani alitangulia kutukana. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka tisa, na nilijulikana kwayo. Mchungaji akishindwa na watu fulani alisema, "Mumuachie mama wa mashine, yeye atabaweza."

Mashine yenyewe ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu, iko chini ya kibanda mbele ya nyumba yetu. Mwanamke anayepimwa gauni husimama mikono juu, hana pa kwenda, basi husema. Kufika Desemba nilikuwa najua nusu ya ugomvi wa kambi kabla hata ya kubisha hodi.

Siri ya kazi yangu naisema hapa, maana sasa hainifai tena. Sikuwa nabeba maneno kama nilivyoyapokea. Mwaka mmoja wanawake wawili walipigana kwenye mjigo, yaani bomba letu la maji la kupampu, kwa ajili ya foleni ya bidoni. Mmoja alikuwa wa kwetu Fizi, mwingine wa mjini Bukavu, wote Wakongo kama mimi. Nywele za bandia za huyu wa Bukavu zilibaki matopeni watu wakitazama. Yule wa Fizi aliniambia, "Umwambie huyo mwanamuke wa muji, hata akifiwa siendi ku kilio yake." Nikavuka njia, nikamwambia wa Bukavu kwamba mwenzake analia tangu jana na anasema shetani alimpitia. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, akakosa pa kuyapeleka. Akasema tu, "Kweli?" Hiyo "kweli" ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nikarudi kwa wa Fizi nikamwambia mwenzake ameingiwa na huruma, anauliza kama amekula.

Tena kwetu ombi la msamaha halitumwi tupu. Huambatana na kitu: chumvi, kuku, kipande cha kitenge. Mimi fundi sikosi masalio ya vitambaa, basi kila mmoja alipokea kitambaa cha kichwa kutoka kwa mwenzake, ambacho mwenzake hakukijua. Jumapili walikumbatiana wakalia sana. Leo ni marafiki wa kufa na kuzikana, hata kunisengenya wananisengenya pamoja.

Kulikuwa na sharti moja. Ukishawakutanisha watu, usiwape nafasi ya kulizungumza lile jambo lenyewe. Omba upesi, leta chakula upesi, anzisha wimbo. Wakishashiba pamoja, nani atarudi nyuma kuuliza nani alisema nini?

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, alinigundua mapema. Aliniambia, "Mama, ile ni mensonge, hata kama iko muzuri." Nikamwambia kama huo ni uongo, basi asimame mbele ya kioo, atazame mabega ya gauni nililomshonea, ambayo nusu yake ilikuwa sponji. "Umelalamika?" nikamuuliza. Akacheka, tukaachana hapo. Sikuona kosa. Niliamini kabisa kwamba hivyo ndivyo amani inavyofanywa na watu tulio na haraka, tunaoishi ukuta kwa ukuta.

Mwaka huu ninaousimulia hakuna shemasi aliyebisha hodi kwetu. Nani angeanza? Mimi ni mpatanishi na mume wangu ni mwinjilisti, tena anayehubiri msamaha kuliko jambo lingine lolote. Walipita mlango wetu wakitupungia mkono. Wangebisha, wangekuta neno limekaa sebuleni kwa miezi mitano.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa kinyozi Lilongwe, Area 25. Alikuwa na mashine mbili za kunyolea, kioo kikubwa, paneli ya sola, na kiti cha kuzunguka ambacho alikipenda mpaka nikamtania kwamba atakioa. Miaka minne alikusanya vitu hivyo kimoja kimoja. Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi wa mjini warudi kambini, na asubuhi moja aliondolewa na nguo alizovaa. Alipopata njia ya kurudi kuulizia vitu vyake, mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa ameshafungua saluni yake mwenyewe ya kunyolea, na wateja walikuwa wanazungushwa kwenye kiti kile kile.

Alirudi kambini akiwa amenyamaza. Hakutukana, hakunywa. Alisema atakwenda kwa wazee wa mtaa wa yule mtu, taratibu, na mashahidi. Nilimwona akiandika orodha ya vitu vyake kwenye daftari la mdogo wake, kwa mwandiko mzuri.

Kabla hajaenda, kanisa letu lilikuwa na Jumapili ya majirani, siku ambayo Wamalawi wa vijiji vya karibu na wengine wa mjini huja kuabudu nasi. Mwenye nyumba alikuja. Kumbe naye ni mzee wa kanisa huko kwao. Mume wangu alimtambua katikati ya mahubiri, akamwita mbele. Alimshika mkono, akasema kwa sauti kubwa kwamba nyumba yetu imemsamehe kila kitu, haimdai hata msumari, na leo wao ni ndugu. Mkalimani alitafsiri kwa Kichewa. Mwenye nyumba alikunja magoti, akapiga makofi taratibu kwa heshima, "zikomo, zikomo," asante kwa lugha yao, machozi yakimtoka. Kanisa zima lilipasuka kwa vigelegele. Mimi pia nilipiga kigelegele. Nakiri hapa, nilipiga kwa nguvu.

Mwanangu alikuwa anapiga gitaa siku hiyo. Alilivua begani, akalilaza chini polepole kama mtu anayelaza mtoto, akatembea katikati ya mabenchi mpaka nje. Nyumbani alimwambia baba yake neno moja.

"Baba, ile kiti haikukuwa yako."

"Na we je, hauko wangu?" mume wangu alimjibu.

Kijana akaweka nguo zake kwenye mfuko, akaenda. Alirudi Area 25 kwa kujificha, akawa anashika mashine ya kuazima katika kibanda cha rafiki yake na kulala nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Jioni, kwenye maombi ya nyumbani, mume wangu alimtaja kila mgonjwa wa mtaa. Akifika kwa mtoto wetu sauti ilikwama, akaruka kwenda kwa wajane. Wadogo zake wawili wa kike walifumbua macho na kunitazama. Mimi nikayafumba yangu.

Katikati ya Desemba nilipata karatasi ya ruhusa ya kwenda mjini, maana mwanamke mmoja wa Area 47 alikuwa amenipa kazi ya mapazia. Nilipomaliza kuyatundika nilikwenda kumwona mwanangu. Nilikuwa nimembebea mfuko wa ndagala, wale samaki wadogo wakavu, si usipa wa huku bali ndagala wa Tanganyika wenyewe, walioletwa na mfanyabiashara kutoka Uvira. Nilikuwa nimewaficha kwa wiki mbili ili wasiliwe nyumbani.

Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za wadogo zake, habari za mvua, habari za mgongo wangu. Kisha akasema, huku akifuta mkasi, "Mama, mi naenda Sauzi."

"Lini?"

"Kisha Noeli. Siku mbili kisha. Tuko batatu."

Njia ya Afrika Kusini naijua kwa kusikia. Unapanda basi hadi Blantyre kama abiria wa kawaida, na kuanzia hapo ni Mungu, na magari ya mizigo, na watu ambao huwajui majina. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mama ambaye kijana wake alikwenda hivyo. Kila asubuhi anapeleka simu yake kuchajiwa, na kila jioni anaichukua, na haijalia.

"Baba yako anajua?" nikamuuliza.

Alicheka bila furaha. "Baba? Baba atasamehe tu. Hata baaskari ba ku mupaka bakinipiga, atabasamehe kwa jina yangu."

Nilitaka kumpiga kofi, nilitaka kumshika miguu. Nilikuwa nimekimbia vita na huyu mtoto mgongoni. Nilivuka naye mito, nikamficha kwenye magunia, nikamfikisha hapa akiwa mzima, na sasa alikuwa ananiambia kuhusu kuondoka kwake kana kwamba anakwenda sokoni. Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuuonja hata siku ya risasi. Na hapo, na ule mfuko wa ndagala mapajani, mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Hii njo baba yako ametuma," nikasema. "Anasema alikosa."

Mkasi ukasimama. "Baba alisema alikosa? Kwa kinywa yake?"

"Kwa kinywa yake."

Aliuchukua mfuko, akafungua, akanusa. Alikaa hivyo muda mrefu, uso umeingia mfukoni, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilijua nimempata. Alisema atakuja Noeli. Nikamuuliza, na safari je? Akasema, "Tutaona, mama. Nikisha kumusikia." Hiyo "tutaona" nilishuka nayo hadi Old Town nikiikumbatia. Wakipatana hatakwenda, nilijiambia. Wakipatana hatakwenda.

Tsoka, sokoni, nilichagua kitambaa cha bluu chenye vidoti vyeupe, cha shati la mwanamume. Vipimo vya mume wangu sihitaji kuvichukua. Nilishona siku mbili, nikilificha chini ya gauni la mteja kila alipopita, nikaweka kola ngumu na mfuko mmoja wa kifuani, wa Biblia ndogo. Sikumbuki kushona nguo nyingine kwa uangalifu kama ule. Kisha nikamwita ndani, nikamwambia kijana wake ametuma kitu na anaomba radhi kwa jinsi alivyotoka kanisani.

Mume wangu ni mtu mwenye sauti. Siku ile hakuwa nayo. "Alisema vile?" aliuliza. Nikasema alisema. Akaenda kunawa mikono kwanza, akaikausha, ndipo akalishika shati. Jioni ile alimtaja mtoto wetu katika maombi, jina lote, na halikukwama. Wasichana walifungua macho na kunitazama tena. Nikawakonyeza. Nilikuwa na furaha kiasi hicho.

Furaha hiyo haikukaa. Kadiri siku zilivyokaribia nilianza kuogopa vitu vidogo. Itakuwaje wakikutana njiani kabla sijafika? Itakuwaje mmoja akimtaka mwingine arudie alichosema? Niliwafundisha wasichana kama askari: baba na kaka yenu wakishakaa tu, chakula kiwe mezani, na mmoja wenu aanze kucheka jambo lolote. Mara mbili nilitaka kumwambia mume wangu ukweli, na mara mbili nilimwona analijaribu lile shati mbele ya kipande chetu cha kioo, nikarudi kwenye mashine.

Siku ya Noeli ilinyesha tangu alfajiri. Kijana alifika na kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka barabara kuu, suruali imeloa matope hadi magotini, na ibada ilikuwa imeanza. Alikaa mabenchi mawili nyuma ya baba yake. Mimi kama shemasi nilikuwa wa kupitisha mkate na kikombe. Kanisa letu haligawi Meza kwa mwenye neno, na wote wawili waliamini kwamba hawana neno tena. Baba alinyoosha mkono akapokea. Kijana naye alinyoosha mkono akapokea, akanitabasamia. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilimwambia Mungu, niache tu mpaka wale, nitakuomba msamaha kesho.

Nyumbani kulikuwa na bugali ya mihogo, sombe ya majani yake, wali, na kuku mmoja niliyemlea kwa ajili ya siku hiyo. Mume wangu alikaa na shati lake la bluu. Kijana alimwinamia, akamsalimu kwa mikono miwili, "Baba," na baba akaishika ile mikono na hakuiachia mara moja. Niliomba kwa maneno kumi. Mume wangu akaona ni machache, akaongeza yake, na yake hayajawahi kuwa machache. Wasichana walisimama na sahani mikononi, chakula kikipoa, wakisubiri "Amina."

Nilimlea yule kijana vizuri, na hilo ndilo lililoniua. Kabla hajagusa chakula alisema, "Baba, merci kwa ndagala. Na merci sana kwa lile neno ulituma."

"Neno gani?" mume wangu aliuliza, bado anatabasamu. "We njo ulituma neno. Na hii shati."

"Mi sikutuma shati."

Msichana mdogo alianza kucheka kama nilivyomfundisha, peke yake, kisha akaacha. Mvua ilikuwa inapiga bati. Wote wawili hawakutazamana. Walinitazama mimi.

Mume wangu angeweza kunyamaza. Mara nyingi nimefikiri hivyo, kwamba angemeza tonge moja tu tungevuka. Lakini ni mtu wa kuhubiri kweli, akaweka mkono wake mezani na kusema, "Mama, uliwaambia batu nini?" Alisema "batu", kama vile sisi ni kesi ya watu wengine. Nikasema. Nilisema yote, ndagala, Tsoka, na vidoti vyeupe. Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba wataona nilivyowataka.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kwa baba yake, na sauti yake ilikuwa ya upole, naapa ilikuwa ya upole. "Baba, basi useme sasa. Hata kama mama alidanganya. Useme tu ulikosa, mi nabaki. Siendi Sauzi."

Ndivyo mume wangu alivyosikia kwa mara ya kwanza kuhusu safari. Niliona inavyomwingia. Nilimwomba kwa macho, nilimwomba kwa midomo bila sauti, sema, sema. Mume wangu aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Musamaha inaweza kuwa kosa namna gani? Mi nilifanya vile Bwana anaagiza."

"Ulisamehe kitu yangu, Baba. Hukuniuliza."

"Nilikuwa nafanya amani."

Kijana akasimama. Alisukuma kiti ndani ya meza, kama nilivyomfundisha, sahani yake ikiwa haijaguswa. "Na mama pia anafanya amani," alisema. "Muko bamoja. Munasemaka kwa kinywa yangu, mi niko hapa, niko na kinywa." Aliwabusu wadogo zake vichwani. Wakati anapita kwangu alinigusa bega, akatoka kwenye mvua. Wasichana walilia kwa sauti. Mume wangu alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalikunja kwa mistari yake, akaliweka juu ya kiti alichokalia mwanawe. Akala akiwa na fulana ya ndani tu, vijiko viwili vya wali, kwa sababu chakula cha Noeli hakiachwi, kisha akaenda kulala mchana.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye cherehani bila kitambaa. Yule jirani wa Bukavu alikuja akakaa karibu yangu saa nzima na hakusema neno la "nilikuambia", na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu chochote alichowahi kunipa.

Asubuhi ya siku ya safari, mume wangu alinikuta navaa viatu. Alikuwa hajanyoa. Alisimama mlangoni, akasema maneno ambayo bado nayasikia jinsi alivyoyasema.

"Mwambie nilikosa. Sikukuwa na haki ya kusamehe kitu yake. Nilipenda batu banione. Umwambie vile vile, usiongeze, usipunguze."

Nilimwambia twende wote. Nilimvuta mkono. Alikataa. "Nikimuona nitaanza kumuhubiria," alisema. "Najijua. Nenda we. We njo unawezaka." Nikaona anaogopa, huyu mtu ambaye sijawahi kumwona akiogopa mtu. Sikuwa na muda wa kubishana naye. Niliondoka nikikimbia kwenye matope.

Nililibeba neno lile hadi Lilongwe kama maji kwenye mkono. Nililirudia njia nzima nisije nikalimwaga. Tangu nianze kazi hii nilikuwa sijawahi kubeba neno zima, la mtu mwenyewe, lisilo na sponji. Nilifikiri, Mungu amenisikia. Amenipa nafasi ya kufanya kazi yangu mara moja kwa haki.

Nilimkuta Old Town, kituo cha mabasi, akiwa na wenzake wawili na begi moja. Basi la Blantyre lilikuwa limeshawasha injini. Nilimshika shati, nikamwambia yote, neno kwa neno, alikosa, hakuwa na haki, alipenda watu wamwone. Nilikuwa nahema mpaka nikalazimika kurudia.

Alinitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo ninayoiona hadi leo nikifunga macho.

"Mama," akasema, "hiyo ni we."

"Hapana. Ni baba yako. Kwa kinywa yake."

"Hata ya ndagala ilikuwa kwa kinywa yake."

Niliapa. Niliapa kwa Mungu, kwa kaburi la mama yangu, kwa wadogo zake, katikati ya wauza maji na mayai. Nikatoa simu nikampigia mume wangu ili amsikie mwenyewe. Simu ilikuwa imezimwa. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile niliipitia mezani, nikampa msichana aipeleke kuchajiwa, kama tunavyofanya kila siku. Nilipiga mara sita. Mwenzake alimwita kutoka mlangoni mwa basi.

Alinikumbatia kwa nguvu, kidevu chake juu ya kitambaa changu cha kichwa. "Usilie, mama. Mi siko na neno na we," akasema. Akapanda. Nilitembea kandokando ya basi nikipiga bati kwa kiganja, nikirudia lile neno, mpaka basi likaingia barabarani na mimi nikabaki na mkono juu. Mwanamke mmoja muuza mayai aliniuliza kwa Kichewa kama nimeibiwa.

Simu ya kwanza ilikuja mwezi wa pili, kutoka nambari nisiyoijua. Alisema amefika, ananyoa. Hakuuliza habari za baba yake. Nilimpa mume wangu simu, na ilipofika sikioni mwake ilikuwa imekatika. Na Desemba iliyofuata mchungaji aliponitaja kwenye kazi ya mlango kwa mlango, nilimwambia amtafute mwingine.

Lakini siku ile ya basi nilirudi nyumbani alasiri, viatu mkononi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, akiitazama njia. Simu ilikuwa mapajani mwake, imejaa chaji. Alisimama. "Alisema nini?"

Neno jingine lilikuwepo ulimini, tayari, limeshonwa: amekusamehe, amelia, anasema umwombee safari. Ningelisema, angelala usiku ule. Nilimwona alivyokuwa anautazama mdomo wangu, na nilimpenda, na nilimhurumia, na nikamwambia.

"Hakuamini. Alisema ni mimi nimetunga."

Alikaa chini tena. Alishika gurudumu la mashine, akalizungusha kidogo, likasimama. Kisha akaniuliza polepole, "Hiyo ni yeye alisema, ao ni we?"

"Ni yeye," nikasema.

Aliniamini papo hapo, kwa sababu tangu anioe sijawahi kumletea neno baya kutoka kwa mtu.